Vita Vyangu na Tano Sambamba

Jumatatu, 18 Agosti 1986
Barua kutoka chuo kikuu. Nimekubaliwa kusoma uzamili wa muziki. Kwa sharti! Jumatatu ijayo nifanye mtihani, waone kama bado naikumbuka nadharia ya muziki na hamonia, yaani kupatanisha sauti. Mimi! Miaka ishirini na mitatu naongoza kwaya ya Walutheri wa Tamarack Falls, leo nipimwe kama ndama mnadani.

Atakayeanguka atasoma darasa la marudio muhula mzima, kila Jumatano jioni. Na Jumatano jioni ni mazoezi ya kwaya tangu babu zetu washuke melini kutoka Norwe. Nikianguka, kwaya inakwenda kwa Marlys Overby, mpiga kinanda wetu. Na Krismasi yake yote! Heri nife.

Jumanne, 19 Agosti
Nimefungua kitabu cha hamonia. Kanuni zenyewe ni kurasa nne. Ukurasa wa kwanza: marufuku tano sambamba, yaani sauti mbili kutembea pamoja zikiwa zimeachana hatua tano zile zile. Nani kapiga marufuku? Wafu! Nimefunga kitabu. Nimemwandikia Profesa Dagny Kittleson, mtungaji wa mtihani, umri wa binti yangu, kurasa nane za kumtaka aufute. Nimemwita mlinzi wa makaburi. Nilijizuia sana.

Jumatano, 20 Agosti
Njama! Mwalimu mmoja wa bendi, aliyefaulu mwaka jana, kaninong'oneza kwamba Profesa huchota wimbo wa mtihani kwenye kitabu cha kijani cha nyimbo za ibada. Anakupa sauti ya kwanza, wewe unajaza tatu zilizobaki. Kanuni za nini basi? Nitakariri kitabu! Tena kitabu changu. Ni mimi niliyepigana usharikani miaka minne hadi kile chekundu cha zamani, chenye hamonia za uji baridi, kikatupwa ghalani chini ya kanisa.

Mazoezini niliwaimbisha utunzi wangu mwenyewe. Niliwaambia ni wimbo wa kale uliogunduliwa Bergen, kule Norwe. Verlyn wa besi, mfuga ng'ombe asiyejua noti hata ikimng'ata, akanyamaza katikati ya ubeti. "Mzee Orville, mbona mimi na hawa mama wa sauti ya kwanza tunakwenda kama tumefungwa nira moja? Hebu tuachanishe, bwana!" Kicheko. Nikamjibu kwamba masikio yake yamejaa samadi. Marlys hakucheka. Alisema tu kwamba wimbo ni wa aina yake. Hapa kwetu mtu akikwambia hivyo, amekutukana wewe na ukoo wako.

Jumamosi, 23 Agosti
Nyimbo hamsini na moja kichwani. Mke wangu Ardis anadai naimba sauti ya pili usingizini. Akauliza, si ingekuwa rahisi kusoma zile kurasa nne za kanuni? Nikamfafanulia tofauti ya akili na utii. Akasema haya, baba. Akanisogezea bakuli la jeli ya kijani yenye karoti, akaongeza sauti ya redio.

Jumatatu, 25 Agosti
Ushindi! Wimbo niliutambua kwa noti tatu za mwanzo. Kalamu ilikimbia yenyewe. Nilimaliza dakika arobaini kabla ya wote. Profesa akauliza kama sipendi kuimba kimoyomoyo nilichoandika kabla ya kukikabidhi. Kwani mwashi huulamba ukuta? Nilitoka napiga mluzi.

Jumatano, 27 Agosti
Nimeanguka. Karatasi imechinjwa kwa wino mwekundu. Tano sambamba kumi na moja!

Nikamvamia Profesa ofisini na kitabu cha kijani. Tazama! Sauti ya pili na ya tatu, noti kwa noti! Akakubali. Kisha akatoa rafuni kitabu chekundu, akafungua wimbo ule ule, akaweka kidole chini kabisa. Besi. Besi yangu yote ilikuwa ya kitabu chekundu! Niliiimba miaka ishirini kabla sijakipindua, na mkono wangu, msaliti mkubwa, haukusahau hata noti moja. Juu kijani, chini nyekundu.

Profesa akasema, kwa upole unaoudhi, kila kitabu peke yake ni safi; ila nilipowaoza hawa wawili, sikuwasikiliza? Akanipa nafasi ya pili: Jumanne, saa tatu asubuhi. Nisome zile kurasa nne, basi. Akaongeza kwamba barua yangu aliisoma yote, na aya ya sita ilimchekesha sana. Ilimchekesha!

Jumapili, 31 Agosti
Kurasa nne. Nilianza kwa nia njema. Mstari wa pili una neno "daima". Nani huyu anayethubutu kusema daima? Nimeanza kuandika rufaa.

Baada ya ibada Marlys alinifuata kwenye kahawa. Eti yeye kwaya yangu haitaki, vidole vyake vina baridi yabisi. Eti, "Njoo kesho, Orville, nikuoneshe kwenye kinanda. Saa moja tu, na keki ipo." Keki! Nimeuona mtego toka mbali. Nimekataa.

Jumanne, 2 Septemba
Rufaa imefika kurasa kumi na tisa. Tamu mno! Aya ya mwisho niliisoma kwa sauti mara tatu, Ardis akafunga mlango wa jikoni. Nilipoinua macho ilikuwa saa tano. Mtihani ulikuwa saa tatu.

Jumatano, 3 Septemba
Darasa la marudio. Tuko kumi. Mchana Verlyn alinipigia simu kusema nisiwe na wasiwasi, Marlys atawashika, na wameamua kupandisha vitabu vyekundu toka chini, "kwa muda tu, mzee wangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata likizo.

Profesa aliandika ubaoni sauti mbili, akauliza kosa liko wapi. Tisa wakaliona papo hapo. Mimi nikanyoosha mkono kuuliza nani kasema ni kosa. Akasema tutafika huko, Bwana Tollefsrud, ufungue kwanza ukurasa wa kwanza. Nikamjulisha kwamba sikuja kuifuata kozi, nimekuja kuinyoosha.

Wakati wa mapumziko nimeunda kamati ya kuipinga. Wanachama wawili tayari. Wa tatu ameomba kwanza amalize zoezi.