Kuziba Mashimo kwa Kutoboa Mengine

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Ngozi, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

KUHUSU: KUTOBOLEWA NA KUBAMBULIWA KWA BINTI YANGU

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na uso wako hauna hata doa, maana kwa kazi yako ingekuwa aibu. Mimi ni msimamizi wa kikosi cha kuziba mashimo barabarani. Ukiona wanaume wamezunguka shimo huku madereva wakiwatukana, yule aliyeegemea beleshi bila kulitumia ndiye mimi. Nakuandikia kama mtaalamu mwenzako, kwa heshima zote na hasira kiasi.

Binti yangu, karani wa mapokezi, alikuja kwenu na makovu ya chunusi, yale yanayoacha vishimo mashavuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmemtoboa. Nimeelezwa mlimpaka dawa ya ganzi, mkampitishia mashavuni kikalamu chenye sindano ndogo ndogo, eti ngozi ikijeruhiwa kidogo hujijenga upya. Daktari, nimezeeka na mashimo. Sijawahi kukuta barabara imetoboka nikaamuru vijana waitoboe zaidi, kisha tukae kivulini tusubiri ijijenge. Mimi ningefanya hivyo ningefukuzwa kazi. Wewe ukifanya, watu wanapanga foleni.

2. Hamkutosheka, mkambambua. Safari ya pili mlimpaka dawa ya tindikali, akarudi anabanduka kama rangi ya mlango wa bafu letu. Mama yake akapiga marufuku mtu yeyote kumchekesha, ngozi isije ikavutika. Mchekeshaji wa nyumba ni mimi. Nilikaa wiki nzima na vichekesho vyangu kifuani, na vingine vimeharibika.

3. Mmemwambia jua ni adui. Bila jua lami haikauki wala mimi sina kazi, lakini nikirudi jioni mwanangu ananitazama kama mtu aliyeshinda na majambazi. Amenipa chupa ya mafuta ya kuzuia jua. Nikayapaka kwa kumridhisha, yakaniacha mweupe pe! Sasa kikosi kizima kinaniita Bibi Harusi.

4. Kioo cha bafuni. Zamani alikifunika kwa taulo, nami nilinyoa ndevu kwa kubahatisha, sikulalamika. Sasa taulo limeondolewa na yeye hatoki humo. Mimi napigia mswaki uani, jirani akinisalimia.

5. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Vile vishimo ni vyangu. Marehemu mama yangu alikuwa navyo, ninavyo mimi, na vilipomtokea binti nilitembea kifua mbele: huyu wangu, nani abishe! Sasa nyie mnamtengeneza, na kinachotengenezwa ni kilichoharibika. Basi niambie bila kunionea haya, Daktari, mimi ni nini? Miaka yote ile, alimwona nani kwenye kioo hata akamfunika kwa taulo? Inaniuma, na sina wa kumwambia ila wewe uliyeyaanzisha.

Kwa hiyo naomba, kwanza, matibabu yasitishwe. Pili, vishimo vyote mlivyoziba virudishwe pale pale vilipokuwa. Kama mmesahau mahali, njooni mpime kwangu, ramani ninayo usoni. Tatu, mkishindwa, mnipe hati yenye mhuri inayothibitisha kwamba huyu bado ni mwanangu, niwe naionyesha tukitembea pamoja.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule anayesema haiumi. Msalimie mlinzi wa ngazini na muuza miwani wa chini.

Wako katika mashimo,
Msimamizi wa Lami

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu aliisoma barua hii. Akaniuliza, "Nyie mkikuta shimo, mnaanza na nini?" Nikamjibu kwa majivuno kwamba hatumwagi lami ovyo: kwanza tunalikata lipanuke, tunakwangua kingo zilizochakaa, tunafagia, ndipo lami mpya ishike. Akaendelea kukunja nguo, nami nikajisikia vibaya sana.

Halafu leo mchana binti alikuja tunapofanyia kazi. Miaka yote alikuwa akipita mtaa wa nyuma, amevaa barakoa, asitazamwe na vijana wangu. Leo alikuja na kofia tu, akaniita "Baba!" mbele ya kikosi kizima, akabandika shavu lake kwenye langu na kupiga picha. Anataka kuiweka mezani kwake kazini. Nikamuuliza anataka nini na mashimo yangu, baada ya kuhangaika vile na ya kwake.

Akasema, "Yako? Mimi sijawahi kuyaona, Baba. Nilikuwa naona yangu tu."

Maombi yote matatu nayafuta. Nasikia ana miadi nyingine kwenu. Nitamleta mwenyewe.