Menifoldi ya Mama Vyungu

Fundi Mswaki hakuitwa hivyo kwa usafi wa kinywa. Aliitwa hivyo kwa sababu kila alipotaka kumwibia mtu alianza kwa kumwonyesha meno. Siku hiyo aliyatoa yote, mpaka magego, maana mbele yake, kando ya tanuri la vyungu, ilisimama pikapu kuukuu ya Mama Vyungu, boneti juu, na ubavuni mwa injini menifoldi ya kiwandani, ile iliyozaliwa pamoja na gari.

Menifoldi, kwa sisi wanawake tunaojua magari kwa kuyasukuma tu, ni chuma kizito kinachoupokea moshi unapotoka kwenye injini na kuupeleka kwenye ekzosi. Za injini ile hazitengenezwi tena. Na mjini alikuwapo mhandisi mstaafu aliyesema wazi: atakayemletea moja nzima ataondoka na pikipiki yake. Mswaki alikuwa anatembea kwa miguu, na tapeli anayetembea kwa miguu hukamatwa mapema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka chungu au mtungi?"

"Nimekuja kuiokoa gari yako. Injini ya kizee inataka heda." Akatoa guniani mabomba manne yanayong'aa, yaliyoungana mkiani kuwa moja. "Kila silinda na bomba lake, moshi hausukumani mlangoni. Nguvu inapanda, mafuta yanashuka."

"Na asubuhi za baridi? Marehemu mume wangu alikuwa akisema hicho chuma ndicho kinachoipasha joto kabureta."

Mswaki akayageuza mabomba juani. "Marehemu alisema kweli, kwa zama zake."

"Na kelele je?"

"Kelele ni heshima, mama. Watu watakupisha."

"Na vyungu vyangu huko nyuma, vitaistahimili hiyo heshima?"

Hapo Mswaki akaona maneno yamefika ukingoni, akashika spana. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizibembeleza kwa mafuta, akazilaani, akazibembeleza tena, hata menifoldi ikatoka. Akaikumbatia tumboni kama mtoto mgonjwa, akaigonga. Dup.

"Umesikia? Ina ufa ndani. Hii ni maiti, mama."

Sasa sikilizeni. Chuma kizima ukikikumbatia hakilii. Kining'inize kwa waya ndipo utakisikia kikiimba. Mswaki alikula kwa ujanja huo miaka mitano. Asichojua ni kwamba Mama Vyungu alikuwa na miaka arobaini ya kufukuza wateja wanaokumbatia chungu kizima, wakakigonga, wakadai kina ufa ili wapunguziwe bei.

Mama akatikisa kichwa kwa huzuni ya msibani. "Masikini. Basi nifungie hizo heda. Bei gani?"

"Bure. Nipe tu hilo lichuma nikakutupie."

"Bure," Mama akarudia, polepole, kama anayeonja mchuzi wa jirani. "Mungu akuzidishie."

Mswaki akalala chini ya pikapu mpaka alasiri, akifunga heda na kuunguza vidole. Mama alikaa kivulini na ile menifoldi na kitambaa. "Nakupangusia masizi, mwanangu, usije ukachafua shati." Mswaki alipomaliza, Mama akamkabidhi chuma kikiwa kimefungwa vizuri kwenye gunia. Mswaki hakukigonga. Alikwisha kukitangaza maiti. Nani huomba kumpima maiti mapigo mbele ya wafiwa?

Huko mjini, mhandisi alikining'iniza kwa waya, akakigonga. Dup. Akageuza upande. Dup.

"Huyu alikufa zamani," alisema mhandisi, akairudisha pikipiki ndani. "Nani alikukagulia?"

Asubuhi Mswaki alirudi kwa Mama Vyungu, kwa miguu. Pikapu ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, imejaa vyungu, na ubavuni mwa injini ile menifoldi nzima, imerudi kwao.

"Mama, ulinipa nyingine."

"Wewe ulisema ina ufa. Niliyokupa ina ufa. Mume wangu aliitoa miaka kumi iliyopita, nikawa naitumia kukandamizia turubai. Kosa liko wapi?"

"Na hii nani ameifunga?"

"Mimi. Miezi miwili gasketi ya hapo kwenye maungio ilikuwa inavujisha moshi, na kila fundi akaziogopa hizo nati zenye kutu. Ukaja wewe, ukazilegeza bure. Kubadilisha gasketi kulibaki kazi ya mtoto."

Mswaki akajaribu meno, yakagoma kutoka. "Basi nirudishie heda zangu."

Mama akaelekeza kidevu kwenye tanuri. Yale mabomba yalikuwa yamekandikwa udongo paani, yakipumua moshi kwa raha zao.

"Subiri lipoe. Siku tatu. Na ukiyang'oa utanijengea paa."

Mswaki akatazama barabara, ndefu, nyeupe kwa vumbi. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kupewa lifti mpaka mjini.

"Panda nyuma," alisema Mama, akiingiza gia. "Ushike vyungu visigongane."

Alivishika njia nzima, mikono na magoti. Kimoja kilivunjika kwenye kona. Alikilipa.