Chuma Kando ya Kaburi Lako

Jumatatu, 3 Februari 2025

Baba Zipporah, salamu huko uliko. Mimi Kavumbi wako mzima, ila roho inanienda mbio kama kawaida. Zipporah mzima. Lewa mdogo wake mzima, ndevu zinamtoka. Mamako Kahonzi mzima, magoti tu, ulimi haujambo kabisa. Mbuzi wazima wote watatu. Kuku mwekundu hatunaye, tusimseme.

Habari ni hii. Zipporah amepewa kazi ya majaribio kiwandani Gongoni, kutengeneza redio za mkononi za walinzi. Kaja na mashine ya kupimia, ndogo kama Biblia. Ikifika Jumamosi salama, kazi ni yake. Ikiharibika, kazi inakwenda kwa Vivian wa jirani Janet. Janet! Afadhali niimeze hiyo mashine.

Ina adui mmoja. Zipporah amesimamisha antena nyuma ya jiko, na huu upepo mkavu wa vumbi la chumvi unaisugua mpaka inajaa umeme. Kama sweta la nailoni, anasema, linavyolia tatatata ukilivua. Ukichomeka waya wake kwenye mashine hivyo hivyo, mashine inakufa. Kwa hiyo kwanza uigusishe ncha ya waya kwenye chuma alichokipigilia ardhini. Umeme unakimbilia chini, ilmradi chuma kishike udongo wenyewe.

Chini! Nimepima kwa miguu. Hatua mbili kutoka kichwani pako.

Jumanne, 4 Februari

Sijala. Ulikufa kwa umeme wa pampu ya Janet, ukimsaidia bure. Leo mwanao mwenyewe akumwagie mwingine? Mamako kaniuliza mtoto wake atapigwa shoti mara ngapi, nami nimekaa napika mchicha. Nimemwambia Zipporah akihamishe chuma. Kacheka. Ati umeme wenyewe kidogo, hata mchwa hashtuki. Hata pampu walisema hivyo hivyo.

Alipokwenda Gongoni nimeking'oa. Nimefukia ndoo ya plastiki mpaka shingoni, nikaijaza mchanga, chuma nikakisimamisha ndani yake. Majani juu. Hujui kama kuna ndoo! Umeme utaishia humo, na kila jioni nitaumwaga na mchanga wake. Kule kwa Janet.

Jumatano, 5 Februari

Nimemwaga mchanga wa kwanza uani kwa Janet. Kaniona. Kauliza ni mchanga wa nini. Nikasema zawadi. Kajibu Vivian ameambiwa akae tayari, maana mwenzangu, huwezi kujua. Huwezi kujua!

Alhamisi, 6 Februari

Upepo tangu alfajiri. Zipporah kagusisha waya kwenye chuma. Mara tatu, mtoto mwaminifu. Kachomeka.

Tik. Kama chawa kwenye ukucha.

Mashine haisemi kitu. Kaipulizia, kaizima, kaiwasha. Kisha kanigeukia: "Mama, nimegusisha. Umeniona." Nikasema nimekuona, mwanangu. Hilo lilikuwa kweli. Mengine sikuulizwa.

Ijumaa, 7 Februari

Bwana Umair, fundi mkuu, mtu wa Mambrui, alikuwa anakuja kukagua. Nikafanya akili. Kabla hajafika nimeondoa ndoo, nimekipigilia chuma palepale pa kwanza kwa mtwangio. Utanisamehe, ilikuwa dharura. Nilijua chuma kikionekana sawa, basi na mwanangu ataonekana sawa.

Kasalimia vizuri, kampa mamako shikamoo. Kakitikisa chuma. Kasema kimesimama barabara. Kisha kamgeukia Zipporah. "Binti yangu, chuma hakina kosa. Basi wewe hukugusisha. Mashine nasamehe. Uongo sisamehe."

Zipporah kanitazama. Mdomo wangu ulifunguka. Ukasema: Bwana Umair, nikuletee dafu?

Jumamosi, 8 Februari

Kazi kapewa Vivian. Zipporah hakulia. Kakunja nyaya zake moja moja, taratibu, kama nilivyokunja nguo zako siku ile. Tangu jana hajaniita mama.

Jumapili, 9 Februari

Vivian kaja mwenyewe baada ya kanisa. Roho yake nzuri, hakumfuata mamake. Kasema hakuna msichana anayegusisha waya kama Zipporah, na amemwomba Bwana Umair aje ashuhudie kwa macho yake. Leo saa tisa. Mashine mpya, antena yetu. Ikipona, Zipporah anarudi kazini. Isipopona, basi tena, Gongoni nzima hakuna atakayemwamini.

Antena imesimamishwa tena. Zipporah kaniambia: "Mama, nakuomba, usiguse kitu." Mama! Kaniita mama!

Sijagusa kitu. Chuma tu. Siku ya tatu hii kiko kichwani pako, na mamako ameanza kukohoa. Nimekaa nikafikiri sana, kosa la kwanza nimelijua: ndoo ilikuwa ndogo, ilijaa. Sasa nimefukia lile pipa la plastiki la maji, nikalijaza mchanga safi wa mto Sabaki, chuma ndani yake.

Upepo umeanza. Pikipiki ya Bwana Umair naisikia njiani. Zipporah ameshika waya.

Baba Zipporah, ukiwa na neno lolote, nijulishe upesi, kabla hajachomeka.