Warithi Hawafi Bure

Asali hakualikwa kwenye harusi ile. Hata hivyo alikaa meza ya pili kutoka mbele, katikati ya wajomba wa bwana harusi, na kila mjomba aliamini kuwa kijana huyu nadhifu ni wa upande wa bibi harusi. Alikula kwa adabu, akacheka palipostahili kucheka, akamfungulia mzee mmoja soda. Jina la Asali alibandikwa na watu waliowahi kumwamini. Lile alilopewa na wazazi alilitumia kwa nadra, mara nyingi mbele ya hakimu.

Alikuwa anafuta vidole pale macho yake yalipotua kwa mpiga video, dada mmoja mfupi mwenye kamera begani. Kilichomvutia hakikuwa kamera, ni watu. Kila ilipogeukia, walijipanga. Mwenye bucha wa mtaa ule, bwana wa kifua kipana ambaye wote walimwita Bucha, alipita mbele ya lenzi na sahani yake, akazunguka nguzo, akapita tena, akazunguka, akapita, na chakula kikazidi kupoa. Mwenye ukumbi, Mama Ukumbi, alibadilisha kilemba mara mbili kabla keki haijakatwa. Na pale kona, bibi mmoja mwembamba, karani mstaafu wa posta, alilia kila kamera ilipomfikia na kunyamaza kila ilipompa kisogo.

Asali akaacha kufuta vidole. "Hawa," alijiambia, "wanafanya bure kitu ambacho wangekilipia."

Tusimlaumu haraka. Wako watu wakiona mto hufikiria samaki, wengine hufikiria daraja. Asali alifikiria nani anayekusanya nauli.

Haukupita muda, ukutani kwa Bucha kukabandikwa tangazo: wanatafutwa waigizaji wa filamu kubwa, uzoefu si lazima. Siku ya usaili ukumbi ulijaa. Asali aliingia amevaa miwani myeusi na skafu shingoni, joto lote lile, akakaa kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe.

"Wapendwa," alisema, "filamu inaitwa *Warithi Tisa*. Tajiri anafariki. Ndugu tisa wanabaki na nyumba moja. Kuanzia hapo, wanaanza kufa."

"Wanakufa wangapi?" aliuliza Bucha.

"Hapo ndipo penye sanaa, kaka yangu. Hadithi bado inapumua. Nani afe, nani abaki, tutaona tukiendelea. Pamoja na michango."

"Michango ya nini tena?" Mama Ukumbi alikunja uso.

"Ya uzalishaji, mama. Mhusika hatumii taa? Hali chakula? Hapakwi poda? Sasa asiyechangia nitamweka hai kwa kitu gani? Inanibidi nimuue mapema, na roho inaniuma."

Mkono wa Bucha ukaanza safari ndefu kuelekea mfukoni, na mingine ikaufuata.

Tangu siku hiyo watu wazima wenye familia na heshima zao wakawa wananunua uhai kama wanavyonunua nyanya. Fundi viatu alichelewesha mchango, akaanguka ngazini. Kinyozi alitoa nusu, akapooza upande mmoja. Mama Ukumbi alilipa abaki hai hadi mwisho, kisha akalipa tena, faraghani, ili Bucha anyweshwe sumu, kwa sababu siku hizo alikuwa amempandishia bei ya nyama. Bucha aliposikia, alitweta kama fahali, akalipa azinduke hospitali. Daktari wa kwenye filamu akatangaza kwamba ni muujiza, na muujiza ule ulikuwa wa bei mbaya. Asali alimvika kila mmoja kilemba cha ukoka. "Una uso wa skrini," aliwaambia wote, hata fundi viatu, ambaye kwa haki yake alikuwa na uso wa fundi viatu.

Yule bibi wa posta peke yake ndiye aliyekuja na jambo geni.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilipe kiasi gani nife?"

"Kufa ni bure, bibi."

"Cha bure sikitaki. Wenzangu wanaanguka tu kama magunia. Mimi nataka kufa polepole, dirishani, mwanga unaingia, na nina maneno ya mwisho. Sema bei yako."

Ombi kama hilo Asali hakuwahi kulipata. Lakini bei aliipata.

Kamera ilishikwa na yuleyule dada wa harusi, aliyekodiwa kwa siku kwa ujira wa kijungujiko. "Usiweke kadi ya kuhifadhia picha," Asali alimnong'oneza tangu mwanzo. "Haya ni mazoezi tu. Watu wazoee kuiona kamera kwanza." Dada akainua mabega. Kazi ni kazi. Kwa hiyo fundi viatu alianguka ngazini mara nne, akapata nundu ya kweli kweli, na hakuna mahali popote duniani ilipohifadhiwa picha yake. Mpango wa Asali ulikuwa mwepesi: mfuko ukishajaa, angeaga kwenda kutafuta mandhari ya jangwa, na jangwa lingemmeza.

Bibi alikufa siku ya Jumamosi, mchana kama alivyoagiza. Alishika pazia, akateleza taratibu, akasema maneno yake ya mwisho kwa sauti iliyofanya hata wabeba viti wasimame. Asali mwenyewe alisahau kidogo kwamba kamera haina kadi.

"Kata!" alisema. "Safi sana. Bibi, amka."

Bibi hakuamka. Alilala sakafuni chini ya kamera, macho nusu wazi, akitazama juu.

"Bibi, umeshakufa vya kutosha!"

"Niache kidogo, mwanangu. Nazoea."

Siku chache baadaye, begi la Asali likiwa limeshafungwa na kuegemezwa nyuma ya mlango wa chumba alichopanga, hodi ilipigwa. Mlangoni alisimama bwana mrefu, mkavu, amevaa suti nyeusi iliyonyooka kama rula. Alizungumza kwa upole mzito, kama mtu aliyezoea kuwapa watu pole.

"Wewe ndiwe mwongozaji?" Alimpima Asali kwa macho, kuanzia utosini hadi visigino. "Mimi ni msambazaji. Kampuni yetu inapeleka filamu kwenye kumbi za miji mingi, hapa na nje. Habari za *Warithi Tisa* zimetufikia."

"Zimefikaje?" Asali aliuliza, tahadhari yake bado iko macho.

"Mambo ya kufa hayajifichi," alisema yule bwana. Kisha akataja kiasi ambacho kampuni ingelipa. Asali akamsogezea kiti cha kukunja. "Lakini sinunui mbuzi kwenye gunia. Nataka filamu iliyokamilika, imeonyeshwa mbele ya watu, nami nikiwepo. Ikinipendeza, nalipa hapohapo."

Alipoondoka, Asali alilitazama begi, begi nalo likamtazama. Ndani yake mlikuwa na jasho la mtaa mzima, tayari kwa safari. Mtu mwenye akili angelibeba. Lakini kile kiasi kilichotajwa kilikuwa kimeshaingia kichwani, kimevua viatu na kuagiza chai. Mbele yake, mali ya begini ilionekana ni chenji.

Kesho yake asubuhi dada wa kamera aliambiwa aweke kadi.

"Mazoezi yamekwisha?" aliuliza.

"Yamekwisha."

"Basi bei ya mazoezi nayo imekwisha, kaka," alisema, akataja nyingine.

Ndipo Asali alipogundua jambo ambalo wanaotengeneza filamu wanalijua na wanaozitazama hawalijui: filamu hula kuliko tembo. Zilihitajika taa, na taa zikahitaji jenereta, na jenereta ikapiga kelele hadi ikabidi ipelekwe uwanja wa pili kwa waya mrefu ulionunuliwa siku hiyohiyo. Alihitajika fundi wa sauti. Akaja na maikrofoni kwenye fimbo ndefu na masikio makali kupita kiasi. "Kuna friji inanung'unika," alisema. Friji ikazimwa, nyama ya Bucha ikaharibika, Asali akailipa. Fundi viatu alidai anguko lake lirudiwe, safari hii na godoro. Na kila jioni ilibidi watu tisa na wasaidizi wao walishwe, kwa kuwa sasa hakuna aliyechangia tena. Kila alipogusia michango, Mama Ukumbi alimtazama kwa huruma. "Ah, mwanangu, si msambazaji anakuja? Tutalipana tu."

Ajabu ni kwamba Asali alianza kulala vibaya kwa sababu nyingine kabisa. Alikuwa akiwaza kama Bucha anapozinduka hospitali afungue macho kwanza au mkono utikisike kwanza. Alibishana na dada wa kamera chumba cha kuhariri, feni ikiwapulizia hewa ya moto, kuhusu kifo cha bibi: yeye alitaka kibaki kirefu, dada alitaka kipunguzwe. Walikitazama tena na tena. "Acha kama kilivyo," dada alisema mwishowe. "Una jicho wewe." Asali alitoka pale akipiga mluzi, akakumbuka begi, akaacha.

Siku ya kuonyesha, begi lilikuwa limebaki na soksi.

Watu walijazana ukumbini mchana ule. Madirisha yalifunikwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatandwa ukutani, na kiti kimoja cha mbele kikaachwa wazi kwa ajili ya msambazaji. Filamu ilianza, kiti kikiwa kitupu. Fundi viatu alianguka, watu wakapiga yowe. Bucha alizinduka, mkono kwanza, wakapiga makofi. Bibi aliposhika pazia, mtu mmoja alianza kupenga makamasi, na punde ukumbi mzima ukawa unalia. Asali alikuwa na macho mawili: moja skrini, moja mlangoni. Msambazaji hakuja.

Kisha majina yakaanza kupanda: nani ameigiza nani, nani ameshika taa. Na mwisho kabisa, peke yake: *Msambazaji, ambaye hakuonekana katika filamu hii, ameigizwa na fundi majeneza, shemeji wa Mama Ukumbi.*

Kwa muda Asali hakusikia makofi. Alitazama nyuma. Karibu na mlango, yule bwana mrefu alikuwa ameketi na shati la mikono mifupi, anakula karanga. Akampungia mkono.

Bibi, Bucha na wenzao walimkuta stoo, amekaa juu ya kreti, skafu mkononi.

"Mlijua lini?" aliuliza.

"Niliposhakufa," alisema bibi. "Ukilala chali unaona mengi, mwanangu. Kile kijumba cha kadi kilikuwa wazi, ndani kitupu kama kinywa cha kibogoyo. Nikamuuliza binti wa kamera. Akaniambia ni mazoezi, ndivyo alivyoelezwa."

"Kwa nini hamkuniitia polisi?"

"Mimi nilitaka," alikiri Bucha. "Bibi akasema, tukienda polisi tutapata haki. Sisi tulitaka filamu."

Asali aliwatazama mmoja baada ya mwingine, watu aliowapaka mafuta kwa mgongo wa chupa akidhani hawajui kuigiza. Wiki zote zile walimwita mwongozaji, wakamletea chai, wakamuuliza habari za msambazaji kwa macho makavu. Hakuna aliyecheka. Fundi viatu hakucheka!

"Sasa sikia," alisema Mama Ukumbi. "Sisi si wezi. Filamu umegharamia, japo kwa hela zetu, na umeiongoza, hilo halina ubishi. Tumekubaliana. Nusu ni yako, nusu ni yetu."

"Nusu ya shuka," Asali alisema kwa uchungu.

Hapo akaingia binti mmoja aliyevaa kandambili, mkoba mgongoni. Alisema alikuwa anapita kwenda kumsalimia shangazi yake, akavutwa na kelele za watu. Alisema anafanya kazi na kampuni ya kusambaza filamu kwenye kumbi za sinema. Angependa kuongea na mwongozaji.

Asali alimtazama kuanzia kandambili hadi nywele, kisha akacheka hadi machozi.

"Na wewe unauza nini, dada? Masanda?"

"Kaka, nasema kweli. Kile kifo cha dirishani..."

"Mwanangu, msikilize," bibi alisema haraka. "Huyu simjui mimi."

"Bibi, ulikufa vizuri, nakupa heshima yako. Lakini mtu haumwi na nyoka mara mbili kwenye shimo lilelile." Alisimama, akajikung'uta suruali. Kwa mara ya kwanza siku ile alihisi akili zake zimerudi. Walitaka kumnasa tena, apoteze mwezi mwingine akimsubiri binti wa kandambili! "Nani ananunua nusu yangu? Nauli ya basi na chakula cha njiani, basi. Nani?"

"Usifanye hivyo," Bucha alisema. "Kwa kweli usifanye."

Kadiri walivyomzuia, ndivyo alivyozidi kuona wanavyoigiza. Mwishowe bibi alitoa pesa, akiwa na huzuni usoni ambayo Asali aliisifu kwa sauti. Walitia saini, mashahidi wakashuhudia. Asali alipanda basi la jioni akitabasamu. Aliwauzia watu wale wajanja nusu ya kitu kisicho na thamani, tena wakiwa macho wazi.

Ilichukua muda. Alikuwa mji mwingine kabisa, mbali, akitafuta watu wengine wa kumwamini sokoni, alipoona foleni imezunguka jengo la sinema na kukata kona. Juu ya mlango kulikuwa na picha kubwa ya mwanamke mwembamba aliyeshika pazia.

Alisimama palepale, watu wakimpita kushoto na kulia. Kisha akaenda akajiunga mwisho wa foleni, akitafuta pesa mfukoni.

"Umeshaiona?" aliuliza bwana aliyekuwa mbele yake, aliyekuja na mkewe. "Sisi ni mara ya pili. Ngoja ufike pale bibi anapokufa. Wanasema walitaka kukipunguza kile kifo, mwongozaji akakataa."

"Si wote," alisema Asali. "Dada wa kamera ndiye aliyetaka kukipunguza. Baadaye mwenyewe ndiye aliyesema kiachwe."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Bwana yule alimgeukia mkewe, wakatazamana, wakacheka kwa ukarimu wa watu walioshiba.

"Sogea mbele, kaka," alisema yule bwana. "Foleni inatembea."