Bwana Arusi Iko na Makosa 2

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe, na suti nilikuwa nimeivaa. Naandika haya nyuma ya ukumbi, nimekaa juu ya kreti ya soda. Ndani wanacheza. Mimi sirudi.

Leo dada yangu Fifi ameolewa na Trésor hapa Kolwezi. Hotuba ya familia ilikuwa ya mujomba Kalala, kaka wa mama yetu. Mujomba ananunua mawe kwa wachimbaji, na kutwa kazi yake ni kupima yana shaba asilimia ngapi. Basi kwake kila kitu kina asilimia. Mboga ya sombe (majani ya muhogo) ya mke wake: 70%. Mahubiri ya Jumapili: 40% (na hapo pasta amejitahidi).

Alisema maneno ya hotuba, mimi nikaandika. Lakini si kwa njia ya kawaida, mimi msomi! Chuoni wametuanzishia LaTeX, lugha ya kupangia maandishi. Unaandika maneno yako pamoja na amri, kisha mashine yenyewe inapanga ukurasa unatoka kama wa kitabu. Nilikuwa najua amri tatu. Nikajiona injinia.

"Latex?" mujomba akashangaa. "Ile ya gants, yenye docteur anavaa mu mikono?"

"Hapana, mujomba. Hii ni ya batu ba masomo."

Asubuhi Fifi alinishika mkono. "Petit, discours itoke muzuri. Batata ba Trésor bangali na kasirani." Ni kweli, baba zake walikuwa bado na hasira. Siku ya mahari, wakwe kutoka Kasaji waliondoka wamenuna, wakisema sisi watu wa mjini tunawadharau. Hotuba hii ndiyo ilikuwa dawa.

Umeme uliokuwa umekatika ukarudi, nikakimbia kuchapisha. Herufi zile! Pembeni pamenyooka! Nilizitazama herufi mpaka nikasahau kusoma maneno. Kitu kimoja tu: kurasa mbili zilikuwa zimegeuka mistari michache. Nikafikiri LaTeX inabana vizuri.

"Mbona iko kafupi?" mujomba akauliza.

"Mujomba, kafupi njo uzuri wake."

"Bon. Mi ntasoma yenye iko pa karatasi."

Ukumbi ukajaa. Mujomba akavaa miwani, akakohoa.

"Bakwe betu ba Kasaji, muko karibu kwetu mia moja."

Akatafuta mstari unaofuata. Mimi niliandika "karibu kwetu 100%, nyumba yetu ni yenu, kuleni na kunyweni". Nyumba iko wapi? Kula kuko wapi? Kwenye meza za wakwe, mama mmoja akaanza kuhesabu vichwa kwa kidole. Alipofika kwa bibi wa mwisho nyuma, akamtazama kwa huruma.

"Sisi tunapita mia," akanong'ona, na ukumbi mzima ukasikia.

Mujomba akaendelea, sauti imenyooka kabisa.

"Trésor, tulikupima muzuri. Bwana arusi iko na makosa mbili."

Akakunja karatasi, akaketi.

Mungu wangu! Niliandika "makosa 2% tu, yenye kubakia yote ni shaba safi, aksanti batata kwa kumulea"! Ndipo nikaelewa. Katika LaTeX, alama ya asilimia nayo ni amri. Inaiambia mashine: yanayofuata kwenye mstari huu ni siri ya mwandishi, usiyachape. Ukitaka itoke, unaitangulizia kimstari cha mshazari. Na mimi kila aya nilikuwa nimeiandika kwa mstari mmoja mrefu. Kila mujomba alipopima, mimi nilifuta.

Baba yake Trésor akasimama polepole.

"Tata Kalala. Ile makosa mbili njo gani?"

Mujomba akafungua karatasi. Akaigeuza. Nyuma nyeupe. Akaninyooshea kidole. "Muulize uyu. Njo mutu wa masomo."

Nikapewa maikrofoni.

"Tata, ni... kunakosekana kamustari..."

"Kamustari njo kosa ya kwanza?"

"Hapana, tata, ile ni yangu!"

"Sasa ya mutoto wangu njo gani?"

Wakwe wawili tayari walikuwa wameshika makoti. Fifi akaona ndoa yake inapanda treni kurudi Kasaji. Akaninyang'anya maikrofoni.

"Tata, ni bintu bidogo! Ya kwanza, anakoroma."

Meza za Kasaji zikacheka. Za kwetu zikacheka. Nikashusha pumzi. Lakini pasta, aliyewafungisha ndoa mchana huu huu, akaweka uma chini.

"Fifi, mutoto wangu," akauliza kwa upole, "umeyua namna gani kama anakoroma?"

Hata mtu wa muziki aliacha kutafuna. Mama akajifunika uso kwa kitenge. Trésor akaanza kusoma chupa ya soda kwa makini sana.

Wa kwanza kucheka ni baba yake. Alicheka mpaka akashika meza.

"Pasta, acha. Hiyo njo ile kosa ya pili!"

Ukumbi ukalipuka. Makoti yakarudi kwenye viti, wazee wakapeana mikono, muziki ukafunguliwa. Ndoa imepona. Ila Fifi ananitafuta ukumbi mzima, na mkononi ana kiatu.

Tafadhali, msicheke zaidi ya 2% (safari hii kimstari nimekiweka).