Kompyuta Yangu, Mfumo Mpya na Harusi ya Binti Salimu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Husna, umeingia? Kaa. Mkono usinibusu kwanza, nina hasira nawe. Tangu Idi ya kuchinja hujakanyaga Mwabungo. Msambweni si Uarabuni. Watoto wa shule wanaye mwalimu, mimi mjukuu sina. Najua ukija utalifungua daftari hili kabla hujavua viatu, kwa hiyo nakusemea humuhumu. Na usome polepole. Darasani sikukaa hata siku moja ya utoto wangu, herufi nimezipata kwa ngumbaru nikiwa bibi wa watu. Kila moja nimeitolea jasho.

Habari yenyewe: kompyuta uliyoniachia imeanza kunipa amri. Nikiiwasha tu, inaleta dirisha kubwa la Kizungu. Nikabonyeza pale pa "baadaye" uliponionyesha. Ikanyamaza. Nikanywa chai, nikarudi, na lenyewe limerudi. Mgeni gani huyu, anauliza jambo lile lile asubuhi nzima katika nyumba ya watu?

Nikaifunika leso. Itashika adabu.

Jumanne, 7 Oktoba

Haikushika.

Kavenya alivuka barabara. Unamkumbuka, yule mwanamke wa Kikamba mwenye saiba hapo mbele, picha za pasipoti na kutoa kopi. Shikamoo amejifunza, lakini huitoa kama anayebisha mlango wa polisi. Akasoma dirisha langu bila kuombwa. Akasema mfumo wa mashine yangu umezeeka, na kuanzia Jumanne ijayo waliouunda hawataulinda tena. Wezi wataingia watakavyo. Yeye mashine zake zote amekwisha kuzibadilisha.

Haya yote mbele ya wateja wangu wa kadi za harusi, ninazochapa kwa mashine hiyo hiyo! Kisha akatabasamu, akasema, "Bi Chiku, hiyo sasa ni ya kupelekwa makumbusho. Watalii wa Diani watakuja kuipiga picha."

Nikamwambia mimi pia nimezeeka na hakuna mwizi aliyewahi kuthubutu. Wateja wakacheka. Upande wangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nina furaha. Salimu amekuja mwenyewe, mtoto wa marehemu kaka yangu, yule wa malori ya Mackinnon Road. Anamwoza binti yake Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Kadi amenipa mimi. Si Kavenya. Mimi!

Ila amekuja na sharti, na alinishika mikono yote miwili kulisema. Harusi hii ni ya watu wachache. Mchele ni gunia moja, ua ni ule ule wake mdogo hapa jirani yangu, na wakwe wanatoka Wasini, watu wa kutazama mpaka ukosi wa kanzu. Chakula kikipungua mbele yao, binti yake atasimangwa mpaka azeeke. Kwa hiyo wa kadi ndio waalikwa, asiye na kadi asiitwe. Na mwalishi hataki.

Aliposema mwalishi alitazama chini. Anajua mimi nilikuwa mwalishi wa pwani hii tangu kabla hajazaliwa. Nilivaa buibui langu, nikapita nyumba kwa nyumba nikialika kwa mdomo, na harusi niliyoialika mimi haikupata kukosa watu. Ndiyo hiyo inayomtia hofu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya mdomo nimeyaacha, siku hizi mimi ni mtu wa mashine.

Akanitajia majina, nikayaingiza kwa kidole kimoja mpaka alasiri. Akauliza kama tuyaandike pia kwenye karatasi. Karatasi ya nini, na mashine ipo? Akaondoka na lori lake, moyo umetulia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekupigia. Ulisema, "Bibi, usiguse kitu, nakuja kesho." Haya.

Swabir naye, yule fundi wa Ukunda mwenye tumbo, nimempigia. Akasema mashine ina umri, huenda mfumo mpya ikauweza kwa shida. Nichape kadi kwanza, ndipo nibadilishe. Maneno ya mtu mwoga. Kadi zikichapwa na mfumo wa zamani, Kavenya atasema nini?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nilipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikaketi barazani. Hukuja. Ukatuma ujumbe kwamba kuna mitihani.

Samaki nimempa Kavenya. Alikuwa amefunga saiba kwa kuumwa kichwa, hajala tangu asubuhi. Ugomvi ni ugomvi, njaa ni njaa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimefikiri siku nzima. Kesho ndiyo ile Jumanne.

Kubaki: mashine naijua, nayo inanijua. Herufi ilipo naipata hata gizani. Nani anabadilisha mpishi siku ya karamu?

Kuhama: wezi. Na lile dirisha, limenichosha.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kubaki. Wallahi nilikuwa nimeamua. Ndipo saa ya adhuhuri Kavenya akatundika kibao kipya mlangoni kwake. Nikavuka kukisoma. KADI ZA HARUSI, MFUMO MPYA. Kwa rangi nyekundu.

Tunahama.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimelibonyeza mwenyewe! Baada ya swala ya alasiri, kwa bismillahi, pale pa "ndiyo".  Kioo kikageuka buluu, kikaleta duara linalozunguka na hesabu inayopanda. Nikafungua mlango na madirisha yote ili wapitao waone. Mramba wa duka la mkaa alisimama kutazama. Nikamweleza kwamba mashine inahama nyumba, vyombo vinatolewa huku vinaingizwa kule. Alishangaa sana. Kavenya alichungulia kutoka kwake, nikajifanya sikumwona.

Hesabu ilipanda vizuri mpaka themanini na kitu. Hapo adhana ya magharibi ikalia.

Wewe unaijua nyumba hii. Adhana ikilia, kila kitu kinazimwa. Redio, televisheni, feni yenye kelele, hata blenda. Nikaiambia mashine subiri tuswali, tutaendelea. Nikaizima ukutani.

Nimeswali kwa utulivu mkubwa.

Jumatano, 15 Oktoba

Haiwaki. Kioo cheusi. Imenipigia mlio mmoja kama wa panya, basi.

Swabir amefika kwa pikipiki. Akaniuliza ilizimikaje. Nikamwambia. Akakaa kitako sakafuni, akajishika kichwa.

"Bibi, kitu kisicho na sauti hukuwa na haja ya kukizima. Muulize hata imamu."

Nikamwambia mimi ibada zangu sizifanyi nusu. Akasema mashine itapona, lakini vya ndani havipo tena. Kadi. Majina. Vyote. Akaichukua Ukunda.

Mara simu. Salimu, yuko njiani na mzigo. Akauliza kadi zimefikia wapi. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri. Nikamjibu kwamba mambo yote yako mahali pake. Sikudanganya. Mahali pake ni Ukunda.

Kavenya akaja, safari hii bila kutabasamu. Akasema nimpe majina, atanichapia kimyakimya, hatamwambia mtu. Nikamshukuru. Nikamwambia mtu wa mfumo mpya haazimi mashine ya jirani. Kusema kweli, majina nimeyakumbuka kidogo tu. Wa kwanza na wa mwisho.

Nimepata njia. Buibui langu la ualishi lipo sandukuni.

Alhamisi, 16 Oktoba

Allahu Akbar, miguu! Lakini nimeng'ara.

Niliazimia kupita nyumba za wale waalikwa tu. Nikaanza kwa Mramba, nina hakika alitajwa. Nikatoka kwake, na jirani yake amesimama mlangoni, ameniona na buibui la ualishi. Nimruke? Mwalishi haruki mlango. Ukimruka mtu umemtukana yeye na kizazi chake. Nikamwalika. Na wa baada yake. Na yule wa ng'ambo, maana alikuwa ameona.

Sauti yangu bado ipo, Husna. "Salimu anawataka, watu wa nyumba hii, wake kwa waume!" Wanawake wamepiga vigelegele, wengine wamelia, wakasema hawajasikia mwaliko kama huo miaka mingi. Nimefika mpaka Galu. Kurudi nikapita kwa Kavenya. Naye ana mlango. Kwaya yake ya kanisani ilikuwa mazoezini mle ndani. Nao wana masikio.

Kadi gani ingeyafanya haya?

Jumamosi, 18 Oktoba

Watu walikuja. Walikuja wakajaa ua, wakajaa njia, wakakaa mpaka kwenye uwanja wa mkaa wa Mramba. Wakwe wa Wasini walipofika walidhani kuna mkutano wa siasa.

Salimu alisimama mlangoni na kanzu yake mpya, akiangalia njia kama anayeangalia maji yanaingia ndani ya nyumba. Alipoona kwaya, aliketi.

Pilau liliisha wanaume wa Wasini hawajanawa mikono. Niliona mpishi akikwangua sufuria. Niliona uso wa binti. Hapo, kusema kweli, moyo wangu ulipiga.

Kavenya alikuwa karibu yangu.  Alikunja kitenge, akawaita wanawake wenzake wa kwaya kwa Kikamba, wakavuka barabara. Jikoni walikuwa na muthokoi wa kwaya, yale mahindi yao ya kukoboa na maharage, sufuria mbili, na mbuzi ambaye Mramba alikuwa amemchinja kwa bismillahi kwa ajili ya mjomba wake mgonjwa akaingizwa humo. Wakakileta chakula kwenye sinia, kimepambwa limau na pilipili kama kilichokusudiwa tangu mwanzo. Mzee wa Wasini akaonja. Akauliza ni chakula gani. Nikamwambia ni desturi ya nyumba yetu kwa wageni wa heshima. Akaomba tena.

Binti ametoka akicheka. Nimemwona kwa macho yangu.

Jumapili, 19 Oktoba

Salimu amekuja asubuhi. Hakukaa.

"Shangazi, nilikwambia nini?"

Nikamwambia, "Uliniambia asiye na kadi asiitwe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kadi, baba. Sasa ningechagua vipi?"

 Akafunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema wakwe wamepiga simu, wanasema hawajaona ukoo wenye watu wengi hivi. Akasema pia ana binti mwingine, na huyo atamwoza Mackinnon Road, usiku, bila kumwambia mtu. Akanibusu kichwa akaenda.

Umeona? Ameridhika.

Kwa Kavenya nimepeleka kitenge kipya na kilo ya tende. Akasema, "Bi Chiku, wewe ni mtu mbaya sana," akanikumbatia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mashine imerudi. Mfumo mpya! Inawaka kama taa ya msikiti, nyeupe tupu ndani, haina hata herufi moja ya zamani. Swabir alinionya nisiguse kitu kwa wiki nzima. Nimemwekea chai.

Mwabungo yote sasa inajua nani mjuzi wa mifumo. Jana majirani walileta barazani simu zao, zilizokuwa zinaulizauliza kama mashine yangu. Watu walikuwa wanaogopa kujibu, miskini. Mimi naiangalia, nasoma bismillahi, nabonyeza "ndiyo". Za wanawake wa soko zote nimezipandisha mfumo mpya. Ya Issa kinyozi tangu jana haijaamka. Nimemwambia inahama, asiisumbue. Amekaa nayo kibarazani kwake, ameifunika taulo.

Nawe, Husna, ukija, njoo na simu yako ya kazi, na ile kompyuta ya shule yenye matokeo ya mitihani. Zijaze chaji kabisa. Uwahi kabla ya alasiri, nisije nikaharakishwa na adhana.