Kimeng'enya Chini ya Kiyoyozi

Umma wa Kilwa ulitangaziwa, kwa gari lenye spika mbili, kwamba Idara ya Ustawi wa Vijidudu imeazimia kutakasa na kubainisha sifa za kimeng'enya changamano cha upumuaji kutoka kwa bakteria wapenda joto wa chemchemi ya Miteja. Bakteria wenyewe hawakulalamika. Idara ikahesabu kuwa wadau wameshirikishwa.

Aliyeandaa tangazo ni Bakary Likwata, Kaimu Mkurugenzi. Neno hilo "kaimu" lilikuwa limemganda kama kupe tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sasa alitaka libanduke. Mama Salome wa makao makuu alikuwa anakuja kuona kimeng'enya kikifanya kazi. Akiridhika, Likwata angethibitishwa. Asiporidhika, mzee angestaafu na ukaimu wake, na kwao Mchinga wangemcheka mpaka kaburini.

Kazi yenyewe ilifanywa na Naziya, mtafiti, binti wa Nurmohamed mwenye duka Lindi. Aliwapasua bakteria, akachuja, akaondoa kila kisichohusika, mpaka kikabaki kile wanachopumulia tu. Likwata aliposikia habari za hewa hakushtuka. Idara yake ilikuwa na uzoefu mkubwa wa watumishi hewa.

Kilichomkera ni kwamba kichupa chenye kimeng'enya hicho kilikaa kwenye maabara ya bati, joto la kumtoa mtu roho. Mtumishi nyeti namna hiyo atalalaje humo? Akaagiza kihamishiwe ofisini kwake, chini ya kiyoyozi, juu ya kitambaa cha kufuma. Naziya akamweleza kwamba bakteria hao wamezaliwa kwenye maji ya moto, na kimeng'enya chao kikipata baridi hakifanyi kitu. Likwata akamjibu, kwa ule upole wa wakubwa wasiosikiliza, kwamba hata yeye alizaliwa juani, shambani kwa mikorosho, na kiyoyozi hakijamdhuru.

Mama Salome alipofika, Likwata alimwamkia shikamoo, ingawa ni rika la binti yake wa mwisho. Mama hakuona haya, akaitikia marahaba. Naziya akatia kwenye kichupa dawa isiyo na rangi; kimeng'enya kikiwa kazini, dawa hugeuka buluu. Wakangoja. Chai ikaletwa, ikapoa. Dawa haikubadilika hata kidogo, na Likwata akatokwa jasho mbele ya kiyoyozi chake.

"Kimekufa?" akauliza Mama Salome.

"Hapana, mama. Kizima kabisa. Ni humu ndani ndimo hakifanyi kazi," akajibu Naziya.

Akatoka nacho uani, akakitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto ya mpika chai. Buluu ikakolea palepale, wote wakiona.

Mama Salome akarudi mlangoni, akaitazama ofisi, kisha Likwata na koti lake.

"Bwana Likwata, humu ndani kuna kitu kimewahi kufanya kazi?"

Likwata alifikiri kwa dhati.

"Kiyoyozi, mama."

Wiki iliyofuata gari la spika likapita tena. Umma ulitangaziwa kwamba neno "kaimu" limeondolewa rasmi. Ndugu Likwata sasa ni Mkurugenzi kamili wa Kituo cha Chemchemi, Miteja, na ofisi yake ni banda la bati kando ya maji yanayotokota. Naziya ameagizwa kupita huko mara kwa mara na dawa yake, kuangalia kama mkurugenzi atageuka rangi.